Kidimbwi na Upepo: Utangulizi wa Uchomeleaji wa TIG kwa Mpenda Magari wa Turkana

Nahisi kuna gari linalokungoja. Huenda ni Land Rover ya zamani iliyoegeshwa chini ya mgunga nyuma ya nyumba yenu Lodwar, gari la marehemu babu ambalo hakuna mwenye moyo wa kuliuza kwa kilo. Huenda uko Kakuma na unachomiliki ni bodi tupu ya pikapu uliyoinunua kwa wauza vyuma chakavu. Huna mteja wa kukuharakisha. Una jioni zako na Jumamosi zako, na unataka mshono utakaoutazama bila kuona haya. Kwa kazi ya namna hiyo, uchomeleaji wa TIG unafaa kuliko wowote ninaoujua, na ni furaha yangu kukufungulia mlango wake.

Wanafunzi wangu wengi huanza kwa kuuliza wanunue mashine gani. Swali hilo tuliweke kando kwa muda. Ukielewa kinachotokea pale chuma kinapoyeyuka, mashine utaichagua mwenyewe.

Kuchomelea hakufanani na kugandisha kwa gundi. Unayeyusha kingo za vipande viwili mpaka chuma cha huku na cha kule vichanganyike, kisha vinapoa vikiwa kitu kimoja. Ile sehemu ndogo iliyoyeyuka, pengine pana kama punje ya mahindi, tutaiita kidimbwi. Lishike neno hili, kwa maana sayansi yote ya uchomeleaji imo ndani ya kidimbwi. Chuma cha pua, yaani chuma cha kawaida cha magari na mageti, huyeyuka karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi. Katika joto hilo chuma kina ulafi: hunyakua oksijeni na naitrojeni za hewani, na kikishapoa, mshono huwa na vitundu kama mkate na huvunjika kwa pigo dogo. Kwa hiyo kila mbinu ya kuchomelea ni jibu la swali moja: hewa itazuiwaje isikiguse kidimbwi?

Mafundi wa jua kali unaowaona wakitengeneza vitanda na milango hujibu kwa rodi iliyopakwa unga mgumu. Unga ule ukiungua hutoa moshi wa kukinga kidimbwi, na huacha ganda juu ya mshono, lile linalobanduliwa kwa nyundo. Ni mbinu imara, wala usiidharau: geti la chuma kinene halihitaji zaidi ya hapo. Lakini ukiileta kwenye bamba la bodi ya gari lenye unene wa milimita 1, mara nyingi utatoboa tundu kabla hujashona.

TIG hujibu kwa njia nyingine. Herufi zake tatu, zilizotoka Kiingereza, zinasimamia tungsteni na gesi ajizi. Tungsteni ni metali inayoyeyuka kwa nyuzi 3,422, joto la juu kuliko metali nyingine yoyote. Kijiti chake chembamba kilichochongwa kama penseli huitwa elektrodi. Umeme huruka kutoka kwenye ncha ya elektrodi hadi kwenye kazi yako, na mruko huo wenye mwanga mkali huitwa tao. Tao linayeyusha chuma chako, ila tungsteni yenyewe inabaki. Gesi ajizi ni gesi isiyoungana na kitu kingine. Tunayoitumia ni agoni, iliyogunduliwa mwaka 1894 na wanasayansi wawili wa Uingereza, Rayleigh na Ramsay. Walilichukua jina lake kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu, na mimi hufurahi kila mara kuona kwamba neno letu ajizi linasema jambo lilelile. Agoni imo hata katika hewa unayovuta sasa hivi, kwa kiasi kinachokaribia asilimia 1. Viwandani huitenga na kuijaza kwenye mitungi, nasi tunaimwagia kidimbwi kupitia kikombe kidogo cha kauri kinachoizunguka elektrodi.

Mbinu hii iliiva Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika kiwanda cha ndege cha Northrop huko California. Walitaka kuunda ndege ya magnesi, metali nyepesi inayoshika moto upesi ikikutana na oksijeni ikiwa na joto. Russell Meredith alitumia tungsteni na gesi ya heli, na metali iliyokuwa haichomeleki ikachomeleka.

Sasa tufike Turkana, maana vitabu vingi vya TIG viliandikwa na watu wanaofanya kazi ndani ya karakana zilizofungwa. Nchi yetu imekaa kwenye mkondo. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna bonde, na upepo wa kusini-mashariki ukifika hapo hubanwa na kuongeza kasi. Wanasayansi wa hali ya hewa wanaujua kama mkondo wa Turkana. Wewe unaujua kwa vumbi lililo kwenye meno yako. Kwa mchomeleaji wa TIG, upepo huu ni jambo zito kuliko mashine, kwa sababu agoni inayotoka kwenye kikombe ni pazia laini sana. Upepo ambao hauwezi hata kuzima kibiriti unatosha kulisogeza. Utaona tao likilia na kurukaruka, ncha ya tungsteni ikigeuka nyeusi, na kidimbwi kikichemka na kutoa vitundu.

Hapa wanaoanza hufanya kosa la kueleweka kabisa: wanafungulia gesi zaidi. Nakuomba usifanye hivyo. Gesi ikitoka kwa nguvu huvurugika, na ule mvurugo huivuta hewa kuiingiza ndani ya pazia. Lita 8 hadi 10 kwa dakika zinatosha kwa kikombe cha kawaida. Tena agoni kwetu ni ghali, kwa kuwa mtungi husafiri kwa lori kutoka kusini kupitia Kitale na Kapenguria. Mtungi wenye mita za ujazo 10 una lita 10,000. Kwa lita 8 kwa dakika utakupa kama saa 20 za tao. Zitunze. Dawa ya upepo ni ukuta. Simamisha mabati pande tatu za meza yako, yapite kimo cha kazi kwa mkono mmoja, na upande wa nne uwe mgongo wako. Kwa kazi iliyo chini ya gari, turubai nene lisiloshika moto upesi, lililofungwa kwenye matairi, hufaa. Lakini usijifungie chumbani kabisa, wala usichomelee ukiwa kwenye shimo la kukagulia magari. Agoni ni nzito kuliko hewa, hutua chini kimyakimya, haina harufu, na aliyechuchumaa humo anaweza kuzimia asijue kwa nini.

Nikiwa kwenye ukuta, niseme pia kuhusu ua. Nyua zetu nyingi ni za matawi ya mathenge, na mapaa mengi ni ya majani ya mkoma. TIG yenyewe hairushi cheche nyingi, ila grinda utakayotumia kabla yake huzirusha mbali, na upepo huzipeleka mbali zaidi. Fagia mchanga mtupu kuzunguka meza, weka ndoo ya mchanga karibu, na baada ya kazi kaa hapo nusu saa ukitazama.

Tuje kwenye umeme. Kwa miaka mingi Lodwar imeishi kwa jenereta za dizeli zilizo mbali na gridi ya taifa, na ndani ya kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, wafanyabiashara wenye jenereta wamekuwa wakiwauzia majirani umeme kwa waya. Kwa hiyo utajiuliza kama TIG si anasa ya wenye umeme wa kutosha. Hesabu inatoa jibu la kutia moyo. Nguvu ya umeme, inayopimwa kwa wati, ni volti mara ampea. Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wake. Kwa ampea 80, tao la rodi huhitaji takribani volti 23, yaani wati 1,840 hivi. Tao la TIG, kwa ampea zilezile, huhitaji volti 13 tu, yaani wati 1,040 hivi. Mashine nayo hupoteza kiasi chake, lakini jenereta nzuri ya kVA 3 humudu kazi hiyo. Sola ya taa na simu haitaweza.

Kuna namba nyingine kwenye kibandiko cha mashine ambayo wauzaji huipita haraka: uwiano wa kazi. Hiyo ni sehemu ya kila dakika 10 ambayo mashine inaweza kuwaka kabla ya kupumzishwa. Ukiona asilimia 60 kwa ampea 160, maana yake ni dakika 6 za tao na 4 za mapumziko. Kwa kawaida kipimo hicho hufanywa katika joto la nyuzi 40. Kibanda cha mabati cha Lodwar saa nane mchana hupita hapo kwa urahisi, basi ipe mashine mapumziko marefu zaidi ya yaliyoandikwa, na ipulize vumbi lililo ndani kila wiki.

Mashine yako ya kwanza iwe na mkondo mnyofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja bila kugeuka. Tochi, kile kishikio chenye elektrodi, ifungwe kwenye tundu la hasi, na klampu ya kazi kwenye chanya. Hivyo sehemu kubwa ya joto, kama theluthi mbili, huenda kwenye chuma chako. Ukizibadilisha kwa bahati mbaya, joto litairudia tungsteni na ncha itavimba kuwa tone. Ukiliona tone hilo, usidhani mashine imeharibika. Kagua nyaya kwanza. Gesi nayo iwe agoni tupu. Mtungi wa kaboni dioksidi, hata mchanganyiko unaotumika kwenye mashine nyingine za kuchomelea, utaila tungsteni kwa dakika moja. Soma lebo, usiamini maneno ya dukani.

Usafi ndio nusu ya TIG. Rodi ya kawaida husamehe kutu kidogo na rangi kidogo, lakini TIG haina unga wa kusafisha, hivyo uchafu wote huingia kwenye kidimbwi. Piga grinda mpaka chuma kingʼae, sentimita 2 kila upande wa mshono, kisha pangusa kwa kitambaa chenye asetoni dakika chache kabla ya kuwasha, kwa maana vumbi letu hutua upya kabla hujavaa glavu. Usitumie dawa za kusafishia breki zenye klorini: joto na mwanga wa tao huzigeuza kuwa fosjeni, gesi ya sumu inayoua. Bati lenye zinki nalo lichunwe zinki yote kwanza, la sivyo moshi wake utakulaza na homa. Tangi la petroli usiliguse hata kama limekaa tupu mwaka mzima.

Najua joto letu, na najua utatamani kuchomelea ukiwa na fulana. Vaa mikono mirefu. Mwanga wa tao huunguza ngozi kama jua la siku nzima, na jicho lisilokingwa huuma usiku kana kwamba limejaa mchanga. Watoto wa jirani watakuja kutazama, kwa hiyo yale mabati ya upepo yapange yawakinge na wao.

Mwanzo wako uwe huu. Chukua bamba la chuma la milimita 2, tungsteni ya milimita 1.6, ampea 70 hivi. Kanuni ya kukisia ni ampea 35 hadi 40 kwa kila milimita ya unene. Chonga ncha kwa urefu wa kijiti, isiwe kwa kukizungusha kama kijiti cha kusokota moto, ili mikwaruzo ielekee kwenye ncha. Usishike bado ufito wa kujazia, ule unaoyeyushwa ili kuongeza chuma kwenye kidimbwi. Washa tao, inua ncha kimo cha milimita 2, subiri. Chuma kitawaka chekundu, kisha ghafla kitalainika na kungʼaa kama kioo: hicho ndicho kidimbwi. Kisukume polepole, tochi ikiwa imeinama kidogo kuelekea nyuma. Fanya mistari 20, 30. Ukizima, usiondoe mkono, kwani gesi inaendelea kutoka sekunde kadhaa ili kukinga chuma kinapopoa.

Kidimbwi kikikutii, shika ufito kwa mkono wa pili, ukiuchovya kwenye ukingo wa mbele wa kidimbwi na kuutoa. Utachanganyikiwa, kama ulivyochanganyikiwa siku ya kwanza na klachi na gia. Mikono itazoea. Ukipenda kujifunza na wenzako, kituo cha ufundi cha Don Bosco huko Kakuma hufundisha uchomeleaji, na hata ukifundishwa kwa rodi, misingi ya kusafisha na kushikiza vipande ni ileile.

Kuhusu Land Rover ya babu: chesi yake ni chuma cha pua, lakini mabamba mengi ya bodi ni aloi ya alumini, kwa kuwa gari hilo lilizaliwa mwaka 1948 wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, huku ngozi ya oksidi iliyoifunika, tabaka jembamba linaloundwa na hewa, ikihitaji zaidi ya 2,000. Ndani huwa maji wakati ngozi bado imekaza. Kuivunja ngozi hiyo kunahitaji mkondo geu, umeme unaogeuka huku na huku mara nyingi kwa sekunde, pamoja na mashine ya bei zaidi. Boneti iache mwaka wa pili. Chesi, usukani na breki viache mpaka fundi mzoefu akague mishono yako.

Utajuaje kama uko tayari kutoka kwenye bamba la mazoezi? Shona vipande viwili, bana kimoja kwenye jiliwa, pinda kingine kwa nyundo mpaka kilale. Mshono ukifunguka, uangalie ndani: ukiona vitundu, rudi kwenye upepo na usafi, ukiona mstari mweusi usioyeyuka, ongeza ampea au punguza mwendo. Bamba likikunjika kando ya mshono nao mshono ukabaki mzima, Jumamosi ijayo lete bomba la ekzosi.