Mafunzo Hupimwa Barabarani, Si Kwenye Cheti

Tarehe 16 Juni 2021, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Yoweri Museveni wa Uganda walizindua ujenzi wa barabara za kilomita 223 mashariki mwa Kongo. Kipande kimoja, cha kilomita 89, kilikusudiwa kutoka mpaka wa Bunagana kupitia Rutshuru hadi Goma. Tarehe 13 Juni 2022, siku tatu kabla ya mwaka kutimia, wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliuteka mji wa Bunagana. Kazi ya kipande hicho ikasimama.

Mkandarasi ndiye anayechimba na kushindilia, lakini mradi wa namna hii hauendi bila watumishi wa serikali: mhandisi anayekagua kazi, mhasibu anayeidhinisha malipo, afisa wa ardhi anayeorodhesha mashamba ya kufidiwa, mtu wa forodha anayepitisha mitambo. Watumishi kama hao ndio wanaopelekwa kwenye mafunzo ya usimamizi wa miradi. Wakirudi na vyeti, tutajuaje kwamba fedha iliyotumika imezaa kitu?

Mwaka 1959, Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kueleza ngazi nne za kupima mafunzo, na wataalamu wanazitumia hadi leo. Ya kwanza ni maoni ya washiriki: wameyapenda? Ya pili ni elimu: wamejifunza nini? Ya tatu ni mwenendo: kazini wanafanya nini tofauti? Ya nne ni matokeo: ofisi na wananchi wamepata nini?

Tathmini nyingi huishia ngazi ya kwanza, kwa sababu ndiyo rahisi. Siku ya mwisho fomu hugawiwa, washiriki hujaza "vizuri sana", na ripoti hufungwa. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mkufunzi anayepimwa kwa sifa tu hana sababu ya kuboresha somo lake.

Ngazi ya tatu ndiyo yenye ukweli, na kuipima hakuhitaji mitambo. Kabla ya mafunzo, chukua majalada matatu ya kila mshiriki: ratiba ya kazi, kumbukumbu za malipo, na daftari la hatari, yaani orodha ya mambo yanayoweza kuukwamisha mradi na namna ya kuyakabili. Baada ya miezi 6, fungua majalada yale yale. Je, ratiba inaonyesha kazi ipi inasubiri ipi? Je, malipo yanalingana na kazi iliyokaguliwa? Kama watumishi ni wengi, wafundishwe kwa makundi, ili kundi linalosubiri zamu lilinganishwe na lililokwisha kufundishwa. Hapo ndipo utajua mabadiliko yametokana na mafunzo au na jambo jingine.

Katika ngazi ya nne Bunagana inatufundisha uangalifu. Barabara haikufika, lakini kumhukumu mhasibu au mhandisi kwa sababu ya vita ni dhuluma. Vilevile si haki kuifanya vita kuwa kisingizio cha kila kitu. M23 ilikuwa imeiteka Bunagana mara ya kwanza Julai 2012, na jeshi la Kongo likaikomboa mwishoni mwa Oktoba 2013. Kwa hiyo hatari ilikuwa inajulikana. Mtumishi aliyefundishwa vizuri hatarajiwi kuzuia vita. Anatarajiwa kuiandika kwenye daftari la hatari na kupanga mapema: kazi ikisimama, nani atatoa amri, mitambo itahamishiwa wapi, na nakala ya orodha ya fidia itahifadhiwa mji gani? Mwenye shamba lililopimwa kisha akakimbia vita atadai haki yake kwa orodha hiyo. Ikiwa salama, mafunzo yamezaa matokeo hata kama lami haijamwagwa.

Kwa hiyo mfadhili na mkuu wa idara wakubaliane mambo mawili kabla ya kulipia ukumbi: majalada gani yatafunguliwa, na tarehe gani. Sehemu ya malipo ya mkufunzi isubiri tarehe hiyo. Siku kazi ya barabara ya Bunagana itakapoanza tena, wananchi wa Rutshuru watahitaji zaidi watumishi wenye daftari lililo sawa kuliko watumishi wenye vyeti vingi ukutani.