Sanaa ya Kusikiliza (2): Lokole na Subira ya Sikio

Makala iliyopita iliishia kwenye tabia ya kumkatiza mwenzako. Dawa yake hapa Kisangani haiko mbali: twende Yakusu, chini kidogo ya mji, kwa Walokele wa mtoni.

Lokole, ngoma yao ya kupashana habari, ni gogo lililochongwa likawa tupu ndani, na juu lina mpasuko mrefu. Ukingo mmoja hutoa sauti ya juu, wa pili ya chini, basi. Kilokele ni lugha ya toni, kwa hiyo ngoma hufuata kupanda na kushuka kwa maneno. Taabu ni kwamba maneno mengi yana mwendo uleule. “Songe” ni mwezi, “koko” ni kuku, na yote mawili yana toni mbili za juu. Ukipigiwa hizo tu, utajuaje? Ndiyo maana mpigaji hurefusha: mwezi huwa mwezi unaoitazama dunia, na kuku huwa yule mdogo asemaye kiokio. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938 na kujifunza kupiga lokole, aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1949.

Wapigaji wamesifiwa sana. Mimi namsifu zaidi yule anayesikiliza ng'ambo ya mto. Kwanza huitwa kwa jina, tena na tena, mpaka aache alichokuwa akifanya. Kisha zikifika sauti mbili za mwanzo, maana kadhaa zinamjia kwa pamoja, naye hana ruhusa ya kuchagua. Huzibeba zote hadi maneno yatimie.

Nyumbani kwetu je? Mama anaanza, “Baba Furaha, mtoto amerudi mapema leo...” Baba anadakia, “Wamemfukuza tena?” Kumbe mtoto amekuja mbio kuonyesha matokeo mazuri ya mtihani. Baba alisikia maneno manne, akachagua maana iliyokuwa tayari moyoni mwake. Katika mji huu tunamochanganya Kiswahili, Kilingala na Kifaransa katika sentensi moja, haraka hiyo inatuponza hata tunapopatana bei na mwendesha toleka, ile baiskeli ya abiria.

Basi jaribu hivi: weka simu chini mtu akikuita, acha sentensi yake ifike mwisho, kisha mrudishie kwa maneno yako, “Kumbe unasema kwamba...?” Naye msemaji ana wajibu wake, kama mpigaji: aongeze maneno panapoweza kuzuka utata.

Sehemu ijayo itahusu namna ya kuuliza bila kumhoji mtu.