Fundi Umeme Hauawi na Umeme Peke Yake

Nchini Uingereza, fundi umeme anayetaka kufanya kazi kwenye saiti kubwa za ujenzi huulizwa kadi kabla ya kuulizwa ujuzi. Kadi hiyo hutolewa chini ya mpango wa vyeti vya mafundi umeme unaojulikana kwa kifupi kama ECS, na mojawapo ya masharti yake ni kufaulu mtihani wa afya, usalama na mazingira. Mtihani hufanywa kwenye kompyuta, kwa maswali ya kuchagua jibu, na hauchukui muda mrefu. Ni rahisi basi mtahiniwa kusoma yale anayoyapenda, yaani nyaya, fyuzi na vipimo, halafu akapitia juu juu habari za ngazi, vumbi, mizigo na moto. Maandalizi ya namna hiyo yako kichwa chini, miguu juu. Sehemu ambayo fundi huiona haimhusu ndiyo inayostahili muda wake mwingi.

Tuanze na ngazi. Kwa miaka mingi sasa, takwimu za HSE, taasisi ya serikali inayosimamia usalama kazini nchini humo, zimeonyesha kwamba kuanguka kutoka juu ndicho chanzo kikuu cha vifo vya ajali kazini. Na kazi ya fundi umeme iko juu: taa ziko darini, nyaya hupita juu ya dari. Mkondo mdogo ambao ukikukuta umesimama chini ungekushtua tu na kukuacha ukisonya, ukikukuta juu ya ngazi unatosha kukuangusha. Aliyeanguka atatibiwa fuvu lililovunjika, ilhali chanzo kilikuwa waya. Ndiyo maana mtihani unagusa mambo kama mwinamo wa ngazi, ambayo mguu wake hukaa mita moja kutoka ukutani kwa kila mita nne za kimo, na hatari ya ngazi ya alumini karibu na umeme. Juu ya hayo yote kuna mpangilio wa kanuni za kazi za juu za 2005: kwanza epuka kupanda, ukishindwa, zuia kuanguka, ukishindwa hilo nalo, punguza madhara ya kuanguka. Aliyeushika mpangilio huo hujibu maswali mengi kwa kanuni moja.

Asbesto nayo ni hatari isiyotoa cheche. Uingereza ilikamilisha marufuku yake mwaka 1999, kwa hiyo jengo lolote lililojengwa kabla ya 2000 huenda likawa nayo. Fundi umeme ndiye anayetoboa dari, anayechimba ukuta kupitisha mabomba ya nyaya, anayefungua bodi za fyuzi za zamani ambazo baadhi yake ziliwekewa vibao vya asbesto kuzuia moto. Nyuzi zake ni nyembamba mno kuonekana kwa macho, na saratani inayosababishwa nazo kwenye utando wa mapafu, mesothelioma, huchukua miongo kujitokeza. Zaidi ya watu 2,000 hufa kwa saratani hiyo kila mwaka nchini humo. Jibu la mtihani ni fupi: ukishuku, acha kazi, usiguse, toa taarifa. Kulikariri ni kazi ya dakika moja. Kulitii saa kumi jioni, msimamizi akitaka taa ziwake kabla watu hawajaondoka, kunahitaji mtu anayejua kwa nini.

Hata kwenye umeme wenyewe, kinachopimwa hapa zaidi ya maarifa ya saketi ni nidhamu. Kanuni za umeme kazini za 1989 zinakataza kufanya kazi karibu na nyaya zenye umeme, isipokuwa pale ambapo si busara kutaka uzimwe, kuna sababu ya kutosha ya kuendelea, na hadhari zimechukuliwa. Utaratibu wa kuzima unajulikana: tambua saketi, izime, ifunge kwa kufuli na ubaki na ufunguo, tundika bango la onyo, jaribu testa kwenye chanzo chenye umeme, pima saketi, kisha ujaribu testa ile ile tena. Hatua ya mwisho ndiyo rahisi kurukwa, kwa kuwa inaonekana ni ya kujirudia. Lakini testa iliyokufa katikati ya kazi huonyesha sifuri, sawasawa na waya salama. Wala kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha miliampea 30, hakimwokoi aliyeshika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine bila mkondo kuvuja kwenda ardhini. Kwa kifaa hicho, mwili wake ni mzigo tu kama taa.

Wapo watakaosema kuchagua majibu kwenye kompyuta hakumfanyi mtu awe salama. Ni kweli, lakini mikono hupimwa kwingine, kwenye mtihani wa vitendo uitwao AM2, ambako kuzima umeme kwa usalama ni sehemu ya tathmini. Wengine watasema maswali ya mazoezi yapo tele, mtu ayakariri amalize. Ayatumie, ila kama kipimo: kila alilokosa alitafutie sababu, maana swali likigeuzwa maneno aliyekariri hupotea. Na wapo wanaojikinga na methali kwamba ajali haina kinga. Nyingi ya ajali zinazoulizwa kwenye mtihani huu zina kinga, tena ya bei ndogo: kufuli, bango, ngazi iliyosimamishwa vizuri, na ujasiri wa kusema kazi isimame.

Hoja hii haiishii Uingereza. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, Kenya ina yake ya 2007, na leseni za mafundi umeme husimamiwa na mamlaka za nishati, EWURA nchini Tanzania na EPRA nchini Kenya. Mapaa ya asbesto bado yapo kwenye majengo ya zamani ya nchi zote mbili, na ngazi ni zile zile. Anayejiandaa kwa mtihani wowote wa usalama, awe anakwenda ng'ambo au anabaki nyumbani, aanze na sura anazotaka kuziruka. Na waajiri wasitosheke kuona kadi. Siku ya kwanza kazini wamwombe fundi aeleze kwa nini testa hujaribiwa mara ya pili. Asiyeweza kueleza bado hajawa tayari kushika waya wa mtu.