Je, Wajua? Treni ya Bure kwa Wanaowahi

Juni 2013, Singapore ilianza kuwasafirisha bure abiria wa treni walioshuka katika vituo 16 vya katikati ya jiji kabla ya saa 1:45 asubuhi, siku za kazi. Lengo lilikuwa kupunguza msongamano wa kati ya saa 2 na saa 3. Takriban asilimia 7 ya abiria walibadili muda wao. Si wengi, lakini behewa lililofurika hupata nafuu hata wakipungua wachache. Mwishoni mwa 2017 safari ya bure iliondolewa, likaja punguzo la hadi senti 50 kwa anayeingia kituo chochote cha treni kabla ya saa 1:45.