Kompyuta Kuukuu Isitupwe Kabla ya Kujaribiwa Linux

Katika nyumba nyingi, za askari na za raia, imo kompyuta ambayo bado yafanya kazi vizuri, lakini mwenyewe ameambiwa kuwa wakati wake umekwisha. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta hizo hazikuzimika siku ile, ila kasoro za usalama zinazogunduliwa hazizibwi tena kama zamani. Windows 11 nayo huzikataa mashine nyingi za zamani kwa kukosa chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0 au prosesa mpya.

Kabla familia haijagusa akiba ya karo za watoto ili kununua mashine nyingine, yafaa ijue njia ya pili. Njia hiyo ni Linux, mfumo ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki. Ni mfumo huria: kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuuchunguza na kumgawia mwenzake, na aina zake nyingi hutolewa bure.

MFANO WA ASKARI WA UFARANSA

Gendarmerie ya Ufaransa ni kikosi cha wanajeshi wafanyao kazi ya polisi. Mwaka 2005 kilianza kutumia OpenOffice kwa kuandikia barua na taarifa. Baadaye kikachukua Firefox kwa kufungulia tovuti na Thunderbird kwa barua pepe. Kuanzia mwaka 2008 ndipo kilipoanza kubadili mfumo wenyewe na kuweka Ubuntu. Kufikia mwaka 2024, kompyuta zake zaidi ya 100,000 zilikuwa zimehama.

Funzo ni kwamba askari hao walizoea vyombo vipya kwanza, na mfumo ukafuata. Mtu wa nyumbani naye aweza kuanza kwa kuweka LibreOffice na Firefox ndani ya Windows yake, akavitumia kwa miezi michache.

HATUA ZA ANAYEANZA

Kwanza, anakili picha, vyeti na barua zote kwenye diski ya nje, kisha ahakikishe kuwa nakala zafunguka. Hatua hii isirukwe kamwe.

Pili, asome mwongozo mmoja hadi mwisho. Linux Mint, ambayo sura yake haimtatizi sana aliyezoea Windows, ina mwongozo rasmi wenye picha katika tovuti yake. Ubuntu nayo ina mafunzo yake. Mwongozo usomwe kwa simu, kwani kompyuta itakuwa kazini.

Tatu, apakue mfumo kutoka tovuti rasmi na kulikagua faili kama mwongozo uelezavyo. Mlinzi wa lango hampitishi mgeni kabla ya kuona kitambulisho.

Nne, aandike mfumo huo kwenye flashi tupu ya GB 8, kisha aiwashe kompyuta kutoka flashi hiyo. Linux Mint yahitaji kumbukumbu ya GB 2, ingawa GB 4 zafaa zaidi. Hapo mfumo hufanya kazi bila kuigusa diski ya ndani. Ajaribu intaneti, sauti, kamera na printa.

Tano, akiridhika, ndipo asakinishe. Mashine itamwuliza kama Linux ikae pamoja na Windows au diski yote ifutwe. Anayechagua kufuta hupoteza kila kitu kilichomo. Ndiyo maana ya ile hatua ya kwanza.

Yapo mambo yasiyohama. Microsoft Office ya kusakinishwa haiwekwi moja kwa moja katika Linux, na programu maalumu ya kazini yaweza kukosa nafasi. Lakini aliyegundua kasoro wakati wa majaribio hajapoteza kitu: huzima, huchomoa flashi, na kompyuta hurudi kama ilivyokuwa.