Maandishi ya Harusi Yana Mahali Pake

Mavuno yakishaingia ndani, kamati za harusi hapa Geita mjini hazilali. Mteja akiingia kwenye steshenari yangu Nyankumbu akavuta kiti mbele ya kompyuta, ombi lake nalijua: "Dada, niwekee yale maandishi ya harusi." Anataka Monotype Corsiva, zile herufi zilizolala kidogo kuelekea kulia, zenye mistari minene na myembamba, na mikia inayojikunja mwanzoni mwa jina.

Fonti hii imekuwa ikija na programu za Microsoft Office kwa miaka mingi, ndiyo maana umeshaiona kwenye kadi za mchango, vyeti vya semina, ratiba za ibada na mahafali ya chekechea. Aliyeichora ni Patricia Saunders, kwa kampuni ya Monotype ya Uingereza. Lakini mwandiko wenyewe una miaka mia tano. Saunders alifuata mkono wa Ludovico degli Arrighi, karani aliyekuwa akiandika nyaraka za ofisi ya Papa mjini Roma. Arrighi alitoa kijitabu cha kufundisha mwandiko huo, La Operina, chenye mwaka 1522. Kabla yake, mwaka 1501, mchapaji Aldus Manutius wa Venice alishachapa mashairi ya Virgil kwa herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo, katika kitabu kidogo cha kubeba mkononi. Kwa hiyo mwandiko tunaouona wa sherehe ulianza kama mwandiko wa kazi: karani alilaza herufi ili mkono uende haraka.

Unene na wembamba wake unatokana na kalamu. Kalamu ya karani ilikuwa na ncha bapa. Ukitaka kuona, chukua makapeni yenye ncha bapa, ishike mshazari, kisha andika herufi "n" bila kuizungusha mkononi. Mstari unaoshuka utatoka mnene, na ule unaopanda kuukuta mguu wa pili utatoka mwembamba, ingawa hukukandamiza popote. Vile vituo vidogo kwenye ncha za herufi ni alama za pale kalamu ilipotua na ilipoondoka.

Ukishalijua hilo, unajua pia fonti hii inashindwa wapi. Herufi zake kubwa zilichorwa kufungua neno, si kujaza neno zima. Nawaambia wateja wajaribu na jina la mojawapo ya wilaya za mkoa wetu, Nyang'hwale. Likiandikwa lote kwa herufi kubwa, kila herufi inarusha mkono kwa jirani, na kile kialama cha juu kinamezwa. Likiandikwa kwa herufi ndogo baada ya N, mikia ya "y" na "g" inashuka, "h" na "l" zinapanda, na jicho linalishika jina mara moja. Hata hivyo, huwa naongeza nafasi kidogo kwenye kile kialama. Majina mengi ya Kisukuma yana ng', na mwenye jina hapendi kuona limekatwa kwenye kadi ya mwanawe.

Kuna mwenye duara mmoja, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, alileta orodha ya mgao wa mifuko ya mawe: nani ana mifuko mingapi, nani anadai gharama za kamba na mbao. Akataka yote iwekwe kwa maandishi ya harusi, ipendeze. Nikamwambia, "Kaka, karatasi hii watu wataigombania. Hesabu isomeke kwanza." Tukaweka kichwa peke yake kwa Corsiva, majina na tarakimu zikakaa kwa herufi zilizosimama. Orodha kama hiyo hutolewa kopi, na kopi nayo ikatolewa kopi. Mistari myembamba ndiyo inayofutika kwanza. Namba ya simu ya mchango naiandika hivyo hivyo, wima na kwa ukubwa wa kutosha, kwa sababu tarakimu moja ikisomwa vibaya fedha zinaingia kwa mtu mwingine.

Corsiva ina ndugu zake. Zapf Chancery ilichorwa na Mjerumani Hermann Zapf, ikatoka mwaka 1979, na mwaka 1986 Apple wakaiweka ndani ya printa yao ya LaserWriter Plus. Lucida Calligraphy ya Charles Bigelow na Kris Holmes ni pana zaidi, hivyo inavumilia kuandikwa ndogo kuliko Corsiva.

Kama kadi unaitengeneza nyumbani na kuipeleka kwingine kuchapwa, usipeleke faili la Word pekee. Kompyuta isiyo na fonti hiyo itaweka nyingine bila kukuuliza, mistari itaruka, na jina la bibi harusi litaangukia ukurasa wa pili. Hifadhi kwa PDF, fonti ikiwa imebebwa ndani ya faili.

Kwenye kadi moja, mimi nayatumia maandishi haya kwa majina ya maharusi na mstari wa mwaliko, basi. Tarehe, ukumbi, saa na simu vinapata herufi za wima. Halafu nachapa nakala moja kwa ukubwa wake halisi, nampa mzee yeyote aliyeketi kwenye benchi nje, asome bila miwani. Akisita kwenye jina, naongeza ukubwa. Akisita kwenye tarehe, mwenyekiti wa kamati hata aseme nini, sichapi mpaka tubadilishe.