Amplifaya mbili au moja yenye nguvu: Kipi kinafaa spika za nyumbani?

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

MPENZI wa muziki mjini Mpanda anayetaka spika zake za sebuleni zitoe sauti nzito na safi zaidi hukutana na ushauri wa aina mbili. Wapo wanaomwambia anunue amplifaya moja yenye wati nyingi. Wengine humtaka abaki na aliyonayo, aongeze ya pili, moja iendeshe besi na nyingine iendeshe spika ndogo ya sauti za juu, yaani twita.

Kwa nyumba nyingi za Kashaulili, Makanyagio au Nsemulwa, ushauri wa kwanza ndio wenye mashiko, ingawa nao huahidi zaidi ya unavyoweza kutoa.

Tuanze na wati. Sikio la binadamu haliongezi hesabu kama dukani. Ukitoka kwenye amplifaya ya wati 50 ukaenda ya wati 100, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, kiasi ambacho msikilizaji hukitambua lakini hakimshangazi. Ili muziki usikike kwa ukubwa wa mara mbili, zinahitajika takriban desibeli 10, maana yake wati 500. Hapo bei imekwishapaa, na huenda spika zenyewe haziwezi kuhimili.

Ndiyo maana kipimo cha kuangaliwa mapema ni wepesi wa spika kuitika. Spika inayotoa desibeli 91 kwa wati moja katika umbali wa mita moja hufanya kwa wati 50 kazi ambayo ile ya desibeli 88 huifanya kwa wati 100. Tofauti hiyo imo ndani ya spika, wala haihitaji amplifaya mpya.

Sasa tuje kwenye amplifaya mbili. Spika zinazokubali mpango huo zina jozi mbili za vishikizo vya waya nyuma, zikiwa zimeunganishwa kwa vipande vya chuma. Jozi moja huenda kwenye besi, nyingine kwenye twita. Spika yenye jozi moja tu haiwezi kuendeshwa hivyo bila kufunguliwa na fundi.

Wengi hudhani kwamba wati 50 na wati 50 nyingine zitakuwa 100. Sivyo. Kila amplifaya bado hupokea muziki wote, wa chini na wa juu, na kichujio kilichomo ndani ya spika ndicho kinachogawa sauti baadaye. Kwa hiyo kila moja hufikia ukomo wa volti zake karibu pale pale ilipokuwa ikifikia mwanzo. Isitoshe, sehemu kubwa ya nishati ya muziki imo katika sauti za chini, hivyo amplifaya ya besi hutoka jasho wakati ya twita imekaa karibu bure. Faida ipo, lakini ni ndogo, na ni vigumu kuitetea mbele ya gharama yake.

Mambo hubadilika kichujio kinapowekwa kabla ya amplifaya, kila moja ikapewa sehemu yake tu ya sauti. Hapo besi ikizidiwa, mikwaruzo yake haifiki kwenye twita. Mpango huo wenye nyumba wengi wanao tayari bila kujua: sabufa za kawaida zenye boksi moja kubwa na spika ndogo pembeni zina amplifaya ya besi na nyingine za spika ndogo, zote ndani ya boksi lile lile.

Kuna jambo linalowagharimu watu zaidi kuliko mjadala huu. Twita nyingi huungua kwa sababu ya amplifaya dhaifu iliyolazimishwa, si kwa sababu ya yenye nguvu iliyotumiwa kwa kiasi. Amplifaya ikiishiwa volti hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na mkato huo huzalisha sauti za juu ambazo hazikuwamo kwenye muziki. Zote huishia kwenye twita. Mwenye spika anayesikia mikwaruzo apunguze sauti mara moja. Asisubiri wimbo uishe.

Umeme nao una neno lake. Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliotokana na Rukwa mwaka 2012, ilitegemea kwa miaka mingi majenereta ya dizeli ya Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), nje ya gridi ya Taifa. Popote umeme unaposhuka, amplifaya za kawaida hushuka nao: volti zikipungua kwa asilimia 20, nguvu ya juu kabisa ya amplifaya hubaki takriban asilimia 64. Kuongeza amplifaya ya pili hakuzuii hasara hiyo. Kwa anayetumia sola ya volti 12, amplifaya isiyo na sakiti ya kupandisha volti haiwezi kuvuka wati 18 hivi kwa spika ya omu 4, hata boksi lake liandikwe nini.

Maandishi ya boksi ndiyo mtego mkubwa. Wati za PMPO ni za kuvutia wateja. Muuzaji aulizwe wati za RMS, na omu za amplifaya zilingane na za spika.

Atakayeamua kutumia amplifaya mbili achukue mbili za aina moja, la sivyo moja itapiga kelele kuliko mwenzake. Kabla ya kuwasha, lazima aondoe vile vipande vya chuma nyuma ya spika. Vikibaki, amplifaya hizo zitasukumana zenyewe kwa zenyewe na zinaweza kuungua zote mbili.